Jembe Lisiwe Adhabu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi na walimu)



Nimeombwa niseme juu ya kufundisha kilimo katika shule za serikali. Naanza kwa kuuliza: mtoto akichelewa shuleni hupewa adhabu gani? Mara nyingi hupewa jembe. Akipiga kelele darasani, hupelekwa kupalilia. Basi tunastaajabu nini ikiwa mtoto huyo, akimaliza masomo, analikimbia shamba kama alivyokikimbia kiboko?

Mwezi wa Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Wengi wanakumbuka neno moja tu, kwamba shule iwe na shamba. Yamesahauliwa yale yaliyofuatana nalo: kwamba watoto waelezwe sababu ya kazi, washiriki kuamua mipango ya shamba lao, na waone faida yake inavyotumika. Katika shule nyingi jembe lilichukuliwa, maelezo yakaachwa.

Kilimo kisicho na maarifa tulikwisha kukiona zamani za ukoloni. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga huko Kongwa. Walikuja na matrekta na mamilioni ya pauni, lakini udongo hawakuujua. Kiangazi kilipoingia, ardhi ilikauka ikawa ngumu kama tofali, karanga zikakwama ndani. Mwaka 1951 mradi ule ukavunjwa. Tena mwaka 1955 watu wa Uluguru walikataa amri ya kuchimba ngazi milimani. Serikali ya kikoloni iliwaona wakaidi. Kumbe ngazi zile zilikuwa zinaufukia udongo wenye rutuba na kuutoa juu ule usiostawisha kitu.

Sasa watazameni Wamatengo wa Mbinga. Wao hufyeka nyasi, huzilaza kwa mistari inayokatana kwenye mteremko, kisha huzifunika kwa udongo. Mashimo yanayobaki katikati, yaitwayo ngoro, huyashika maji ya mvua yasiuchukue udongo, nazo nyasi zikioza huwa mbolea. Hiyo ni elimu kamili. Nani atasema kwamba mzee ajuaye kazi hiyo hana la kufundisha darasani?

Tena, ndugu zangu, elimu hii ni uhai. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine wakafa kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota katika nafaka. Mahindi yakianikwa chini penye udongo, au yakitiwa ghalani kabla hayajakauka sawasawa, ukungu hupata nafasi, na kuyapika hakuiondoi sumu ile. Mtoto aliyefundishwa kuanika juu ya turubai au kichanja, na kuzitoa punje zilizooza, anaweza kuiokoa nyumba nzima.

Kwa hiyo nataka tukubaliane mambo matatu.

Kwanza, jembe lisiwe adhabu tena katika shule yo yote.

Pili, kila kazi ya shamba iwe na somo lake. Mwalimu na ang'oe shina la kunde, awaonyeshe watoto vinundu vya mizizini. Humo wamo vijidudu viichukuavyo naitrojeni ya hewani na kuilisha mimea. Hapo mtoto ataelewa kwa nini bibi yake huchanganya kunde na mahindi.

Tatu, shamba liwe na daftari, na watoto wenyewe waliandike: mbegu kiasi gani, magunia mangapi, fedha ngapi, zimenunua nini. Hesabu hiyo ibandikwe ukutani, mzazi apitaye aisome. Shamba ambalo mavuno yake hayajulikani yalikokwenda humfundisha mtoto jambo moja tu, kwamba mkulima kazi yake ni kutoa jasho na mwingine kazi yake ni kula.

Nasi wazazi tunao wajibu wetu. Tuache kumwambia mtoto, "Soma, usije ukawa mkulima kama mimi." Maneno hayo huliharibu somo la kilimo kabla mwalimu hajafungua mdomo. Tumwambie, "Soma, ili ukilima, ulime kwa akili kunishinda mimi."