Kompyuta ya Nyumbani Ipewe Kazi Chache

(Hotuba kwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia)



Tumeombwa tuseme juu ya kompyuta za nyumbani. Siku hizi vikundi vingi havina ofisi, lakini vina kompyuta ya mtu. Hesabu za akiba, za mikopo na za mbuzi ziko nyumbani kwa katibu, ndani ya mashine ileile ambayo watoto wanafanyia kazi ya shule, kijana anachezea mpira, na mgeni akija anawekewa video. Pesa za watu thelathini zimekaa hapo. Kwa hivyo jambo hili si la nyumba moja peke yake.

Shauri letu ni kwamba kompyuta ya namna hiyo ifanye kazi tatu au nne tu: kuandika barua na kumbukumbu za mkutano, kupiga hesabu, masomo ya watoto, na pengine kuchapisha. Mengine yafungwe. Tunafanya hivyo hata na ghala. Kila mtu nyumbani anakula mahindi, lakini si kila mtu anafungua mlango wa ghala.

Sasa mtu atauliza, inafungwaje? Wengi wanadhani ni lazima kununua programu maalum. Hapana. Kompyuta yenyewe, iwe ya Windows au ya Linux, ina akaunti za aina mbili. Ya kwanza ni ya msimamizi. Huyu anaweza kuingiza programu mpya, kuondoa za zamani, hata kufuta akaunti za wengine. Ya pili ni ya mtumiaji wa kawaida. Huyu anafungua programu zilizoko, anaandika, anahifadhi kazi yake, basi. Akitaka kubadilisha mashine yenyewe anaulizwa nenosiri la msimamizi. Tena katika Windows mtumiaji wa kawaida hawezi kufungua folda za mwenzake, kwa hivyo mtoto hatafuta daftari la mikopo kwa bahati mbaya.

Mpeni kila mtu akaunti yake ya kawaida, na ile ya msimamizi ikae pembeni. Hata katibu mwenyewe asiitumie kila siku. Virusi vikiingia, vinapata nguvu zilezile alizonazo mtu aliyeketi hapo. Akiwa msimamizi, vimepata boma lote. Lakini msilale. Ziko programu zinazojipenyeza ndani ya folda ya mtumiaji bila kuomba ruhusa, michezo hasa. Angalieni mara moja kwa mwezi muone ni nini kimeongezeka.

Upande wa intaneti, uzio wa bei nafuu kuliko wote ni kutoiunganisha. Kuandika na kupiga hesabu hakuhitaji bando. Programu ya bure ya LibreOffice inafanya kazi bila mtandao, na kwa Kiwix watoto wanasoma Wikipedia nzima, ya Kiswahili pia, mkishaiweka mara moja kutoka kwa flashi. Mtandao ukihitajika, mama anawasha simu yake, kazi inafanywa, anazima. Katika Windows kuna mahali pa kuuandika mtandao wa simu kuwa ni wa kulipiwa kwa kipimo. Fanyeni hivyo, la sivyo mashine itavuta masasisho na bando la wiki liishe kabla ya chai. Masasisho yenyewe msiyaache kabisa, maana ndiyo yanayoziba mianya. Yachukueni mahali penye mtandao wa bei nafuu.

Nyumba inayotumia mtandao kila siku inaweza kuandika anwani 1.1.1.3 mahali pa DNS. Ni huduma ya bure ya kampuni ya Cloudflare tangu 2020. Inazuia kurasa za uchafu na zile zenye virusi. Kamari haizuii. Sheria ya Kenya inasema mtu wa chini ya miaka 18 asicheze kamari, lakini kompyuta haijui umri wa aliyeketi mbele yake. Hapo mzazi ndiye uzio.

Tumefika kwenye jambo ambalo tunataka tulizungumze polepole, nalo ni nani anashika ufunguo. Boma moja tulilotembelea, baba alifunga kila kitu vizuri kabisa, nenosiri akaliweka kichwani mwake, akaenda kazini Mombasa. Mama ndiye katibu wa kikundi. Printa mpya ikaletwa, mashine ikaomba nenosiri. Simu ya baba haikushikwa siku mbili. Mkutano ukafanyika bila hesabu, na wanachama wawili wakaanza kunong'ona kwamba mama anaficha kitu. Msichana wa gredi ya 8 naye akakosa kuchapisha kazi yake. Sisi hatuiti hiyo kufunga mashine. Huko ni kumfungia mwenye kazi nje.

Kwa hivyo ufunguo uwe na watu wawili, na katika nyumba ya mume na mke mmoja wao awe mke. Kama hesabu za kikundi zimo, nenosiri liandikwe kwenye karatasi, litiwe katika bahasha iliyogundishwa, na mweka hazina aiweke. Bahasha ikifunguliwa, iandikwe kwenye kumbukumbu ni nani aliifungua na kwa nini. Hesabu zenyewe zinakiliwe kwenye flashi mbili, moja ikae nyumba nyingine, na daftari la karatasi lisitupwe. Vijana nao waambiwe wazi ni nini kimefungwa. Mtoto akikuta mlango umefungwa bila neno, atatafuta dirisha, na dirisha lipo: mtu mwenye flashi iliyotayarishwa anaweza kuiwasha mashine akapita kando ya akaunti zote.

Neno dogo kwa wenye mashine za zamani. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi kuukuu haziwezi kupokea Windows 11. Msizitupe. Linux Mint ni ya bure na inatosha kwa kazi tulizozitaja, mradi mashine iwe na kumbukumbu ya GB 4 hivi.

Mkifika nyumbani leo, washeni kompyuta mhesabu akaunti zilizomo. Ikiwa ni moja tu, na haina nenosiri, basi wekeni jambo hilo kwenye ajenda ya mkutano ujao, kabla ya mikopo.