Karakana Yetu Iwekwe Mjini



Halmashauri imetuagiza tuseme mbele yenu juu ya karakana ya kufua bati: ijengwe nyumbani, au iwekwe Nairobi? Twajua kwamba wazee wengi wapenda iwe nyumbani, na sababu zao si za kudharauliwa. Kiwanja kipo bila kodi, na vijana wangekaa karibu na wazazi wao. Hata hivyo, baada ya kulitafakari jambo hili, sisi twaona kuwa mahali pake ni mjini.

Tutazame Kamukunji. Mafundi wa huko walianza kazi pasipo paa, ndiyo asili ya jina la jua kali, hata mwaka wa 1985 Rais Moi alipowatembelea akawaahidi vibanda. Mgeni afikapo husikia kelele za nyundo tu. Lakini akisimama kitambo ataona utaratibu. Huyu hupasua mapipa makuukuu, yule hukunja bati, wa tatu hutia bawaba, wa nne hupaka rangi. Sanduku moja la mwanafunzi hupita mikononi mwa watu wanne, wala hakuna aliyelazimika kununua vyombo vyote. Patasi ikivunjika, jirani humwazima yake. Mteja akitaka makarai mengi kupita nguvu za mmoja, kazi hugawanywa. Na kijana asiyejua kushika nyundo huiba ujuzi kwa macho, bila ada. (Wizi huo hatuulaumu.)

Tena wauza vyuma wako hatua chache, na kituo cha mabasi cha Machakos ni jirani. Mwenye duka wa Kitui hushuka asubuhi, hununua, na jioni mzigo wake uko juu ya basi. Je, atatufuata sisi kijijini kwa ajili ya masanduku kumi?

Hatusemi kwamba kila kiwanda ni cha mjini. Miwa ikisha kukatwa haingoji safari ndefu, na kwa hiyo kiwanda cha Mumias kiliwekwa penye mashamba. Majani ya chai ni vivyo hivyo. Lakini bati halilimwi kwetu. Tutalibeba kutoka Nairobi, kisha tulirudishe huko kuuzwa.

Tena tukumbuke Webuye. Kiwanda cha karatasi kilikuwa tegemeo la mji mdogo, na kilipofungwa mwaka wa 2009, stadi wa mashine zile hakuwa na lango jingine la kubisha pale. Wenye maduka na nyumba za kupangisha waliumia pamoja naye. Fundi wa Nairobi akikosa kazi katika barabara hii, huuliza katika ile ya pili.

Kodi ya mjini ni ghali, hatulifichi. Fedha hizi zilichangwa kwa maziko na karo, na miongoni mwa waliochanga wamo wajane. Kwa hiyo twaomba kukodi kibanda kimoja kwa mwaka mmoja tu, tusinunue mashine yoyote inayoweza kuazimwa, na hesabu isomwe mbele ya wanachama kila miezi mitatu. Vijana wawili wa kwanza, twaomba wazee mwachague ninyi, kabla ya mkutano kufungwa leo.