Tuhesabu Saa za Mtoto Korokoroni



Tumekutana si mbali na uwanja wa Kamukunji, ambako wananchi walijitokeza tarehe 7 Julai 1990 kudai mfumo wa vyama vingi wakapokewa kwa virungu na vitoa machozi. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Mwaka 1997, katika marekebisho yaliyofuata mapatano ya wabunge wa vyama vyote, Sheria ya Uzururaji nayo ikafutwa, ile iliyomfanya mtu asiye na kazi wala makao kuwa mhalifu kwa umaskini wake. Mwaka huohuo shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti juu ya watoto wa mitaani nchini Kenya, likieleza jinsi walivyopigwa na polisi na kufungiwa pamoja na watu wazima. Tangu zamani, basi, sheria zetu zimebadilika upesi kuliko seli zetu.

Na sheria tulizo nazo leo si haba. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yasema mtoto asizuiliwe ila njia nyingine zote zikishindikana, tena kwa muda mfupi iwezekanavyo, na atengwe na watu wazima. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, imepandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Na mtoto aliye kati ya miaka 12 na 14 huchukuliwa kuwa hana uwezo huo mpaka ithibitishwe vingine. Swali tunaloliuliza leo ni nani anayeangalia kama hayo yanatendeka, na anaangalia kwa kipimo gani.

Tuchukue msako wa Ijumaa jioni, jambo ambalo hakuna mzazi wa Mathare, Dandora au Kayole asiyelijua. Kijana wa miaka 14 akamatwa saa moja usiku. Katiba, kifungu cha 49, yataka afikishwe mahakamani katika muda wa saa 24. Lakini saa hizo zikiishia siku ambayo mahakama haiketi, muda husogezwa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo akifikishwa Jumatatu saa tatu asubuhi, amelala seli usiku tatu, jumla ya saa 62, na kituo chaweza kuandika kwa uaminifu kabisa kwamba kimetimiza sheria. Kipimo cha kifungu cha 49 kitampa afisa huyo alama nzuri. Kipimo cha kifungu cha 53 kitamwuliza: je, mzazi aliarifiwa saa ngapi? Afisa wa watoto je? Kwa nini kijana hakuachiliwa kwa dhamana ya polisi, ambayo haiuzwi, akarudi nyumbani na mama yake usiku uleule? Ukaguzi usiouliza maswali haya ya pili ni hesabu ya makaratasi tu.

Lipo pia jambo la umri. Wengi wa watoto wetu hawana cheti cha kuzaliwa, na tarakimu 18 huandikwa kwa urahisi sana. Kalamu hiyo moja humtoa mtoto katika kinga zote tulizozitaja. Mkaguzi wa kweli ataanza kwa kuuliza umri ulioandikwa katika OB ulitoka kinywani mwa nani.

Bunge liliunda IPOA kwa sheria ya 2011, na mamlaka hayo yana uwezo wa kuingia vituoni na kukagua seli. Tunawashukuru wanaofanya kazi hiyo. Lakini jicho la IPOA ni la polisi. Halivuki kuingia ofisi ya kiongozi wa mashtaka. Huko ndiko giza lilikozidi. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ni huru kwa kifungu cha 157, na sisi tulioona mashtaka yakiendeshwa kwa simu kutoka juu hatutaki uhuru huo upunguzwe hata kidogo. Hata hivyo kifungu hichohicho chamtaka azingatie maslahi ya umma na kuzuia matumizi mabaya ya sheria. Ofisi yake yenyewe ilitoa sera mwaka 2019 ya kuwaondoa washtakiwa wanaofaa katika njia ya mahakama. Basi kila mtoto anaposhtakiwa kwa kosa dogo, iandikwe katika faili kwa nini njia hiyo haikufuatwa. Uhuru haudhuriki kwa kutoa sababu.

Tunaonya juu ya kipimo kimoja hasa. Mkimpima kiongozi wa mashtaka kwa idadi ya waliopatikana na hatia, kesi iliyo bora kwake itakuwa ya mtoto aliyechoka, asiye na wakili, anayekiri ili aende nyumbani.

Sisi tutaonaje? Kesi za watoto hazisikilizwi hadharani, na ndivyo inavyopasa. Hatuombi kuketi humo. Tena namba ya OB siyo namba ya kesi mahakamani, kwa hiyo mtoto mmoja hupotea kati ya vitabu viwili. Tunapendekeza namba ya OB, saa ya kukamatwa na saa ya kumwarifu mzazi ziandamane na faili mpaka kwa hakimu. Hilo halihitaji sheria mpya wala fedha za wafadhili. Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, ambayo polisi, waendesha mashtaka na raia hukaa meza moja, yaweza kulikubali kwa kikao kimoja.

Kila kanisa lililowakilishwa hapa litapewa daftari. Wazazi wakija, andikeni saa, umri, kituo na namba ya OB. Jina la mtoto lisiandikwe kamwe. Daftari zitakusanywa Jumapili ya mwisho wa mwezi baada ya ibada, na hesabu yake itapelekwa kwa kamati ya Makadara. Wanaoweza kushika zamu ya Jumatatu asubuhi nje ya mahakama, kuwapokea wazazi, wabaki ukumbini tuandike majina yao.