Dominika ya Matawi: Pasaka na Jirani

(Kut 12:1-14, 1 Kor 5:6-8)



Leo tunaingia Juma Kuu. Alhamisi jioni, katika Misa ya Karamu ya Bwana, tutasomewa habari za usiku ule wa Misri. Waisraeli waliagizwa kuchinja mwanakondoo dume wa mwaka mmoja, asiye na dosari. Kupaka damu yake katika miimo na vizingiti vya juu vya milango. Na kuila nyama yake usiku uo huo, pamoja na mikate isiyotiwa chachu na mboga chungu.

Mzee mmoja wa kigango aliniuliza zamani: "Padre, Bwana mwenyewe aliila Pasaka ya Wayahudi. Mbona sisi hatuchinji kondoo?"

Swali hilo si la kubeza. Kanisa la mwanzo nalo lilikuwa na maswali yake juu ya Pasaka. Wakristo wa Asia Ndogo waliiadhimisha siku ya 14 ya mwezi wa Nisani, kama Wayahudi. Wale wa Roma waliiadhimisha Dominika. Yapata mwaka 155 Mtakatifu Polikarpo, askofu wa Smirna, alikwenda Roma kuonana na Papa Aniseto. Hawakupatana juu ya siku, lakini walishiriki Ekaristi pamoja, wakaagana kwa amani. Ndipo mwaka 325 Mtaguso wa Nisea ukaamua kwamba Wakristo wote waadhimishe siku moja.

Mzee wetu anajibiwa na Mtume Paulo: Mwanakondoo wetu wa Pasaka amekwisha kutolewa sadaka, naye ni Kristo. Hatuchinji mwingine, kwa kuwa huyu atosha. Wayahudi huiadhimisha Pasaka yao hata leo, nasi twaiheshimu pasipo kuiigiza. Lakini maagizo ya usiku ule bado yanatuhusu.

Kuna agizo moja ambalo twalipita haraka, katika aya ya 4. Ikiwa watu wa nyumba ni wachache mno kwa mwanakondoo mzima, washirikiane na jirani aliye karibu. Tafakarini jambo hili, ndugu zangu. Katika usiku wa hatari, taifa zima likijiandaa kutoroka utumwa, Mungu aliikumbuka nyumba ndogo, isije ikaachwa peke yake.

Nami nawaungamia jambo. Mwaka mmoja, nikiwa paroko, tuliadhimisha Mkesha wa Pasaka kwa shangwe kubwa: moto mpya, Mbiu ya Pasaka, vigelegele. Nyumbani kwa mapadre tulikula pilau na kuku hata tukasaza. Jumatatu katekista akaniambia kwamba mjane mmoja, jirani wa ukuta wetu, alishinda sikukuu nzima kwa chai ya rangi. Mama huyo alikuwapo kanisani usiku ule. Nilimpa Komunyo kwa mkono wangu mwenyewe. Tangu siku hiyo siwezi kuisoma aya ile bila kusita.

Kwa hiyo, makatekista wapendwa, kabla ya Alhamisi zungukeni katika jumuiya ndogondogo. Ulizeni: ni nani atakayekula Pasaka peke yake? Ni nani hatakuwa na cha kula? Kisha iunganisheni nyumba hiyo na nyumba nyingine, kwa namna isiyomwaibisha mtu.

Na chachu je? Mtume aiita uovu na ubaya. Huenda kwako ni ugomvi wa mpaka wa shamba, au neno ulilomwambia ndugu yako miaka mitatu iliyopita. Nenda kapatane naye, kisha uende kwenye Kitubio. Waisraeli walikula wamevaa viatu, fimbo mkononi, tayari kwa safari. Aliye tayari kuondoka habebi mzigo wa kinyongo.

Kristo, Pasaka yetu, atukute Alhamisi tukiwa pamoja na jirani zetu. Amina.