Chupa Nayo Ina Sauti Yake

Leo sitasema habari za mbegu bora wala za kuchemsha maji ya kunywa, ambazo mmekwisha kuzisikia mara nyingi. Nataka tuzungumze habari za chupa. Wala si chupa ya dawa, wala ya mafuta ya taa, bali chupa ipigwayo katika muziki.

Najua wako watakaocheka. Huku kwetu Buha chupa tupu ina kazi nyingi: hutiwa mafuta ya mawese, hutiwa asali, huwekwa mbegu. Lakini mtu akiipiga kwa msumari, huambiwa kwamba analeta mambo ya kilabuni. Mimi nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Hapa Nyakitonto nilimkuta kijana mmoja nyuma ya darasa, saa ya kujisomea, akipiga chupa ya soda kwa kipande cha chuma, taratibu, kama mtu anayehesabu. Nikamnyang'anya. Nikaiweka dirishani chumbani mwangu, na siku ya tatu upepo ulilipiga dirisha, chupa ikaanguka ikavunjika. Nikavifagia vigae vyake, nikasahau.

Baada ya majuma mawili nilialikwa arusini. Mpiga gitaa alikuwa mjomba wake yule kijana, mtu hodari wa vidole. Watu waliinuka wakaanza kucheza, kisha mmoja mmoja wakarudi kuketi. Nikamwuliza mzee aliyeketi karibu nami, "Mzee wangu, mbona leo ngoma haichangamki?" Akanijibu, "Mwalimu, gitaa limekosa mtu wa kulishika mkono. Chupa yao imevunjika." Hakujua kwamba aliyeivunja ndiye aliyekuwa akisema naye.

Basi tangu siku ile nilianza kuuliza na kusoma habari za chombo hiki, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tufahamu kazi yake. Mpiga gitaa wa mtindo huu hutumia kidole gumba kwa nyuzi nene na kidole cha shahada kwa nyuzi nyembamba, sauti mbili zikifukuzana. Anaweza kuzipamba apendavyo, akachelewa hapa, akawahi pale. Lakini mchezaji lazima ajue mguu wake utue wapi. Mpiga chupa ndiye amwambiaye. Tangu mwanzo hata mwisho wa wimbo yeye hurudia mpango ule ule wa mapigo, hauongezi wala haupunguzi, na sauti ya kioo, kwa kuwa ni kali na nyembamba, hupenya makelele ya watu hamsini. Ngoma ya kawaida ingelifunika gitaa lisilo na umeme. Chupa hailifuniki, hupita juu yake. Watu hudhani kwamba kazi hii ni rahisi, apewe mtoto. Jaribuni kupiga mpango mmoja kwa robo saa pasipo kukimbia wala kulegea, ndipo mtakapojua.

Desturi hii haikuanzia kwetu. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Kongo, ilikuwako tangu kabla ya vita vya pili vya dunia. Mjini Léopoldville, uitwao leo Kinshasa, vijana walicheza maringa, na vyombo vyake vilikuwa likembe, yaani kile kinanda cha vijiti vya chuma kibonyezwacho kwa vidole gumba, na kigoma kiitwacho patenge, na chupa. Gitaa liliposhika nafasi ya likembe, chupa haikuondoka. Katika Katanga, kwenye miji ya migodi ya shaba, wapiga gitaa waliimba kwa Kiswahili, wakisindikizwa na mtu wa chupa. Edouard Masengo na Losta Abelo ni miongoni mwao. Aliyepata sifa kuliko wote, Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 1990, alirekodiwa na Bwana Hugh Tracey katika mji wa Jadotville, ambao leo huitwa Likasi. Bosco aliweza kupiga peke yake ukadhani wako watu wawili, lakini hao walikuwa wachache.

Nyimbo hizo za Katanga zilienea kwa sahani za santuri na kwa redio mpaka Kenya, na waimbaji wenyewe, Masengo na Bosco, walifika Nairobi. Magharibi ya Kenya, kwa Waluhya, alitokea George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963 angali kijana. Mtindo wake huitwa omutibo. Katika omutibo mtu wa pili hushika chupa ya Fanta, na hapa chupa imekwisha kuwa chombo cha kuchaguliwa, si cha kuokotwa tu. Kwa nini Fanta? Kwa sababu chupa yake ya zamani ilizungukwa na pete pete kama shingo ya mtungi uliopambwa. Mpigaji huigonga kwa chuma, kisha huikwaruza juu ya pete zile, na kila pete ni pigo dogo, hata mkwaruzo mmoja hutoa mapigo mengi yaliyofuatana upesi kama mbegu zinazomwagika. Kwa chupa moja hupata sauti mbili, moja ya kengele na moja ya kayamba. Aliyeitengeneza chupa ile hakuwaza muziki hata kidogo. Jina la kinywaji hicho lilianza Ujerumani mwaka 1940, wakati wa vita, na kile cha machungwa kilianza Naples, nchi ya Italia, mwaka 1955. Aliyejua kwamba ndani ya zile pete mlikuwa na ngoma ni mpiga muziki wa kijijini.

Tena asidhani mtu kwamba vyombo vya namna hii ni vya maskini waliokosa vingine. Unguja, katika kidumbak, sanduku la chai lenye kamba moja na fimbo hutoa sauti nene ya chini, wala waliohudhuria hawalicheki. Huko Ulaya nako mwaka 1761 Bwana Benjamin Franklin, Mmarekani yule aliyechunguza umeme wa radi, alipokuwa London alitengeneza chombo cha bakuli 37 za kioo. Bakuli hizo zilipangwa katika mtaimbo mmoja, kubwa hata ndogo, na mpigaji aliuzungusha kwa mguu kama cherehani huku akizigusa bakuli kwa vidole vilivyolowa maji. Mozart, katika mwaka wake wa mwisho, 1791, alitunga muziki kwa ajili ya chombo hicho, ili upigwe na mwanamke kipofu, Marianne Kirchgessner, aliyekuwa hodari wake. Na katika mji wa Berlin liko kundi liitwalo GlasBlasSing ambalo hupiga nyimbo za kisasa kwa chupa, nyingine wakizipuliza, nyingine wakizigonga.

Sasa nawageukia wanafunzi, maana hapa pana fumbo ambalo watu wazima wengi wangeshindwa kulifumbua. Twaeni chupa mbili zilizo sawa. Moja iachwe tupu, ya pili itiwe maji hata nusu. Zipigeni ubavuni kwa kijiti. Mtasikia kwamba yenye maji ina sauti nene kuliko tupu. Haya, sasa wekeni mdomo penye kinywa cha chupa mpulize kwa ubavu, kama mpigavyo filimbi. Mambo yamepinduka! Yenye maji sasa ina sauti nyembamba, na tupu ina sauti nene. Chupa ni zile zile, na maji ni yale yale.

Jawabu ni hili. Ukiigonga chupa, kitetemekacho ni kioo. Maji yaliyo ndani humwelemea, kama mtu aliyebebeshwa mzigo. Hutetemeka polepole zaidi, na sauti hushuka. Ukiipuliza, kitetemekacho ni hewa iliyo ndani. Maji yameipunguzia hewa nafasi, na hewa kidogo hutetemeka upesi kuliko hewa nyingi, kwa hiyo sauti hupanda. Mtaalamu wa Kijerumani, Hermann von Helmholtz, aliyeishi 1821 hata 1894, ndiye aliyeyaeleza vema mambo ya sauti katika vyombo vyenye shingo.

Mkitaka kupanga do re mi kwa kupuliza, msitie maji kwa kukisia. Kutoka do ya chini mpaka do ya juu, wengi hudhani inatosha kuipunguza hewa kuwa nusu. Sivyo. Hewa lazima ibaki robo tu ya ile ya kwanza. Kwa so, ibaki pungufu kidogo ya nusu. Kwa re, punguzeni kama sehemu moja ya tano. Hesabu hizi ni za kuanzia tu. Sikio ndilo limalizalo kazi. Na kila asubuhi zipimeni upya, kwa maana maji hukauka. Za kugonga msizikamate kwa kiganja kizima; chupa iliyobanwa haisemi. Mpigaji mzuri huishika shingoni kwa vidole viwili au vitatu, kwa wepesi, nayo hulia.

Liko jambo moja linalonihuzunisha. Chupa za kioo zinaendelea kuzipisha chupa za plastiki, nazo hazilii. Ukizigonga ni kama kugonga boga. Na chupa za kioo za soda zilizosalia madukani si zako. Umenunua kinywaji tu. Chupa lazima irudi katika kreti, na mwenye duka atakusimamia mpaka unywe uimalize. Nililijua hilo vizuri nilipoanza kutafuta badala ya ile niliyoivunja. Nilizunguka maduka ya Kasulu siku nzima ya Jumamosi. Nilizoonyeshwa hazikuwa na umbo lile la pete. Mwenye duka mmoja aliniuliza, "Mwalimu, unataka soda au unataka chupa?" Nilipomwambia kwamba nataka chupa, akamtazama mwenzake, wakacheka, nami sikuwalaumu.

Mwishowe niliipata sokoni kwa mama mmoja muuza mawese. Chupa ilikuwa ya zamani, pete zake zimechakaa kidogo, na ndani mna mafuta. Nikamwambia, "Mama, niuzie mafuta pamoja na chupa." Akakataa. Alisema chupa hiyo ndiyo kipimo chake, wateja wanaijua. Tukajadiliana sana, hata akakubali nimletee nyingine mbili zenye ujazo ule ule, ndipo anipe. Nikaenda nikarudi nazo.

Nyumbani niliiosha kwa maji ya moto na majivu mpaka mafuta yote yakatoka. Kesho yake nikamwita yule kijana, nikamweleza mambo yote yalivyokuwa, nikamwomba radhi. Aliipokea kwa mikono miwili. Aliishika shingoni kwa vidole viwili, akaipiga mara moja kwa ukucha, akaitega sikio.

"Ahsante, Mwalimu," akasema. "Ila sauti ya hii ni nyembamba kuliko ya ile."

Kisha akaenda mtungini, akachota kata moja, akaanza kutia maji kidogo kidogo, akipiga na kusikiliza, akipiga na kusikiliza, mpaka ilipofikia karibu nusu. Mimi sikuwa nimemfundisha.

Kwa herini.