Kilimohai Sokoni Singida: Pesa ya Ziada Iende Wapi?

Mnunuzi wa Singida akiambiwa mchicha "haujapigwa dawa", hana ushahidi zaidi ya kauli ya muuzaji. Alama ipo, Kilimohai, iliyofuata viwango vya kilimo hai vya Afrika Mashariki vya mwaka 2007. Ila fungu la mboga lililopangwa juu ya turubai, nani alibandike nembo?

Kitunguu, fahari ya mkoa huu, hakistahili nyongeza kubwa ya bei kwa kuitwa cha kilimohai: maganda ya nje humenywa na kutupwa. Nyanya na mchicha ni habari nyingine. Huliwa pale pale dawa ilipotua, na maji ya bomba hayaondoi yote.

Muuzaji aulizwe dawa ilipigwa lini mara ya mwisho. Anayebabaika asilipwe bei ya kilimohai.