Mwenye Sikio Moja

Asubuhi hii twataka kusema habari za watu ambao hapa Majengo huitwa wenye kiburi, kumbe sivyo walivyo. Mtu amwita mwenzake njiani, naye apita tu. Amsalimu kanisani wakiwa benchi moja, hajibiwi. Baadaye maneno yaenda nyumba hata nyumba: fulani siku hizi anaringa. Pengine fulani ana sikio moja tu lisikialo.

Kiziwi wa masikio mawili twamtambua. Huyu wa sikio moja hatumtambui, kwa sababu tukiwa naye chumbani pasipo kelele asikia vizuri na kujibu vizuri. Shida yamngoja nje. Ubongo hulinganisha masikio mawili: sauti ikifika la kulia mbele kidogo ya la kushoto, twajua imetoka kulia. Mwenye sikio moja hana la kulinganisha. Tuchukue mama auzaye nguo Gikomba. Pikipiki yapiga honi. Aisikia, lakini hajui iko nyuma au ubavuni, naye huenda akaruka kuielekea. Mnunuzi asimama upande wa sikio bovu na kuuliza bei. Kichwa cha mama chazuia sehemu ya sauti, na makelele ya soko yameza iliyobaki. Mnunuzi aenda meza ya pili. Jioni mama amechoka kuliko wenzake, maana mchana kutwa amekuwa akitazama midomo ya watu.

Sababu zake ni nyingi: matubwitubwi ya utotoni, homa ya uti wa mgongo, pigo la kichwa, na mara nyingine haijulikani. Hapa twasema kwa mkazo: sikio lililokuwa zima likiacha kusikia ghafula, usitie mafuta ya moto wala usingoje. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dawa zipo ziwezazo kuwasaidia wengine, lakini majuma mawili yakipita nafasi hupungua sana.

Na likiisha kufa je? Zibeni masikio kwa vidole, mtafune karanga. (Kisha zibueni upesi, hatujamaliza.) Mlio ule mliousikia umepita katika mfupa. Mwaka 1977, huko Göteborg, Uswidi, daktari Anders Tjellström na wenzake waliitumia njia hiyo. Per-Ingvar Brånemark alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba mfupa hushikamana na madini ya titani. Basi wakatia skrubu ndogo ya titani katika mfupa nyuma ya sikio, wakapachika hapo kifaa cha kutikisa fuvu. Kwa mwenye sikio moja, kifaa huwekwa upande uliokufa, na mtikisiko huvuka fuvu hata sikio zima. Marekani ilikiidhinisha kwa watu wa namna hii mwaka 2002. Vipo pia vya kuvaliwa kwa utepe kichwani bila kupasuliwa, na ni vema mtu ajaribu kwanza hivyo.

Wengi waliokipata husema wamsikia aliye upande ule bila kugeuza shingo, na kula mezani pamoja na wenzao kumekuwa raha tena. Lakini tusidanganyane. Sikio lisikialo bado ni moja. Pikipiki yatoka wapi, kifaa hakisemi. Kelele zikiwa upande wa kifaa, nazo huvushwa vile vile. Wengine hukijaribu wakakirudisha. Na bei yake huwashinda hata wengi wenye mshahara, sembuse mchuuzi.

Katika Marko sura ya 7 kiziwi aliletwa kwa Yesu. Kabla ya kumponya, Yesu alimtoa kwanza penye watu wengi. Wahubiri wengi hukimbilia muujiza wakaliruka jambo hilo, nasi twaona ni kubwa. Kumwondoa mtu penye kelele hakuhitaji senti. Wala kuzunguka ukakaa upande wake mzima, au kumgusa mkono kabla ya kusema naye, au kumwachia mwisho wa benchi ambapo watu wote watakuwa upande anaosikia.

Walimu, nanyi. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani, Fred Bess na Anne Marie Tharpe, walieleza habari za watoto wenye sikio moja: kama theluthi moja walikuwa wamerudia darasa. Mtoto aitwaye mkaidi na apimwe masikio, moja moja. Akikutwa na sikio moja, akae mbele, sikio zima likielekea kwa mwalimu, mbali na dirisha la barabarani.

Na wewe utusikilizaye asubuhi hii kwa sikio moja, umekuwa ukificha kwa miaka mingapi? Waambie walio nyumbani ni lipi, kabla chai haijaisha. Kwaherini.